Tusiwashukuru tu Wamama, Tutazame Kazi Yao

Ndugu na dada wa promosheni zote, leo siandiki juu ya kutafuta kazi. Ninataka tuongee juu ya kitambaa kimoja.

Kinaning'inia pembeni ya altare katika parokia moja hapa Bukavu, pale watu wanapopiga magoti kuombea marehemu wao. Urefu wake ni mtu mzima aliyenyoosha mkono juu. Wamama kumi na moja walikishona kwa mkono, na mama mkubwa wangu ni mmoja wao, kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa mbali. Kimetengenezwa kwa gunia, rafia, ushanga, simbi, na vipande vya bikwembe. Sasa kamati ya sikukuu inataka kukitoa, iweke banderoli ya plastiki yenye picha ya Yesu. Banasema iko safi zaidi.

Na wanaotetea kitambaa wanajibu nini? "Wamama walijitahidi, tusiwavunje moyo." Jibu hilo linaniumiza kuliko banderoli yenyewe. Linageuza kazi ya miezi kuwa zawadi ya mtoto, ile unapokea ukitabasamu halafu unaiweka nyuma ya kabati. Hakuna aliyekaa mbele yake akauliza: ni nzuri? Inamsaidia mtu kusali, ao hapana?

Mimi nilikaa. Jumamosi mbili, saa ya mchana, kanisa likiwa tupu.

Nianze na kibaya. Katikati kuna msalaba wa simbi zilizobandikwa kwa gundi, chini yake ngoma, na chini ya ngoma ramani ya Afrika. Simbi nne zimekwisha anguka. Minasema wazi, hata mama mkubwa akinikasirikia: pale katikati ni duka la watalii. Ngoma ile haipigwi na mtu yeyote. Iko pale juu tumezoea kwamba ukitaka sala ionekane ya kwetu, unaongeza ngoma na simbi. Roma ilikubali misa ya riti ya Zaïre mwaka 1988, na riti ile ilibadilisha namna ya kusali yenyewe: wahenga wanaitwa mwanzoni mwa misa, watu wanasali kwa mwili wote. Lakini katika vitambaa vyetu bado tunabadilisha mapambo tu.

Tazameni Wakuba wa Kasai, ambao rafia ni kitu chao kweli. Mwanaume anafuma kitambaa, mwanamke anatarizi. Kwa ile tunayoiita velua ya Kasai, anapitisha uzi wa rafia kwa sindano, hafungi fundo, anaukata karibu sana kwa kisu kidogo. Ufumaji wenyewe ndio unaushika. Mchoro anautoa kichwani. Anaweza kuanza na umbo moja, akifika katikati analigeuza, na hakuna anayemwambia amekosea. Kipande kimoja kinaweza kula miezi mingi. Halafu kazi hiyo yote inaenda wapi? Nyingi inaenda kaburini. Marehemu anavikwa rafia ili wahenga wamtambue kule anakokwenda.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lilinirudisha parokiani. Zile nguo ndefu za Wakuba zenye viraka: rafia mbichi ni ngumu, lazima itwangwe ilainike, na ikitwangwa inatoboka. Inaelezwa kwamba viraka vilianza kama dawa ya matundu hayo. Kidogo kidogo viraka vikawa ndio mchoro wenyewe, hata pasipo tundu.

(Matisse, yule mchoraji wa Ufaransa, alitundika vitambaa vya Kuba ukutani mwake. Ni yeye aliyebuni pia kanzu za padri za kanisa dogo la Vence, lililobarikiwa mwaka 1951. Sisemi alinakili. Ninasema alivitazama miaka na miaka, na siye chetu kinatushinda hata saa moja.)

Sasa pindo. Jumamosi ya kwanza sikuliona, ngoma ilinijaa machoni. Kuzunguka kitambaa chote, wamama walishona vipande vya nguo za watu wao waliokufa, kila mmoja alivyotoa katika sanduku lake. Rangi zinagombana. Kuna kola ya shati la mwanaume, kifungo kikiwa bado juu yake. Kuna kikwembe kilichopauka mahali pamoja tu, na mwanamke yeyote wa kwetu atakuambia pale ndipo mtoto alikuwa anafungiwa mgongoni. Panya walitafuna upande wa chini. Wamama waliziba kwa kipande kingine, na kingine juu yake. Kipande cha mama mkubwa ni kikwembe cha kijani cha binti yake, dada yangu, aliyetutoka wakati wa vita. Mishono inaanza mirefu, mwishoni inakuwa mifupi sana, midogo sawa punje za mchele. Nilimuuliza kama uzi ulikuwa unaisha. Akasema hapana, sikutaka kumaliza.

Pale nilisali. Sikupanga. Jicho linatembea kipande kwa kipande, sawa vidole kwenye rozari, na likifika kwenye kifungo kile linasimama lenyewe. Banderoli haiwezi kufanya hivyo: unaisoma mara moja, umemaliza. Na msalaba wa simbi nao unausoma mara moja.

Kwa hiyo pendekezo langu halitampendeza mtu. Kitambaa kibaki, katikati ing'olewe: ngoma, ramani, simbi, vyote. Libaki gunia tupu, na pindo lile lilizunguke. Nilimwambia mama mkubwa nikiogopa. Alinyamaza, akauliza, "Na msalaba, mwanangu?" Nikajibu kwamba gunia lina nyuzi zinazopita hivi na hivi, misalaba imejaa mule. Akacheka, akaniambia masomo yameniharibu.

Kamati inakaa Jumatano. Nimeomba dakika kumi. Jana jioni mama mkubwa alinipigia simu. Hakusema kama amekubali. Aliuliza tu kama ninaweza kupitia sokoni nimletee uzi mweusi, juu wake umeisha.