Ndoo 14 zilizopotea kwenye hesabu

Mbalamwezi inapokolea, ringi neti za dagaa hupumzika Kunduchi: taa haivuti samaki bahari nzima ikiwa na mwanga, kwa hiyo wavuvi husubiri giza. Kunduchi hiyohiyo ndiko yaliko makao makuu ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Swali la kitakwimu limelala hapohapo mchangani: kuongeza taa kunaongeza dagaa?

Tuchukue daftari la mfano, lenye mstari mmoja kwa kila usiku wa kila boti. Kwenye programu ya takwimu ya R, kwa kifurushi cha fixest, modeli ya kwanza, m1, ni ndoo ~ taa + mbalamwezi | boti. Kilicho baada ya mstari wima ni athari thabiti: kila boti inalinganishwa na nafsi yake. Boti iliyoleta ndoo 10 usiku mmoja na 14 usiku mwingine ina wastani wa 12, na kinachoingia kwenye hesabu ni −2 na +2. Ujuzi wa nahodha na urefu wa boti vinajifuta, kwa sababu havibadiliki usiku hata usiku.

Sasa tunataka kuongeza upepo: update(m1, . ~ . + upepo). Nukta maana yake "yaliyokuwapo yabaki". Wengi hudhani amri hii inabandika kiraka juu ya hesabu ya zamani. Sivyo. Inachukua maagizo ya kwanza, inayahariri, kisha inakokotoa upya kwa data yoyote inayobeba jina lile wakati huo. Kama katikati umesahihisha jina la boti au kuongeza safari za jana, matokeo yamebadilika kwa sababu mbili, nawe utausifu upepo peke yake.

Hatari kubwa zaidi ni pengo. Usiku wa ndoo 14 nahodha hakuandika upepo. Mstari huo unaondolewa. Wastani wa boti unashuka hadi 10, na usiku uliobaki unakuwa 10 kutoa 10: sifuri. Boti imenyamaza kabisa! Programu hutaja idadi ya mistari iliyoondolewa. Jina la boti iliyonyamazishwa haitaji.

Kwa hiyo tenga kwanza mistari iliyokamilika kwa vigeu vyote, ipe jina lake, kisha endesha modeli zote mbili juu yake. Bila hivyo, mimi sikubali ulinganisho wowote wa koefishenti.

Ukiongeza athari za kila usiku, . ~ . | . + usiku, mbalamwezi itaondolewa. Si kosa la programu: usiku mmoja boti zote ziko chini ya mwezi uleule. Weka athari za mwezi wa kalenda badala yake, nayo itabaki, maana ndani ya siku 30 mwezi huandama, hukua na kufifia.