Kivumishi "tete" katika lugha ya wanahabari

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza neno moja tu katika Kiswahili cha vyombo vya habari, nalo ni kivumishi tete. Msikilizaji wa redio hapa Katoyi, mjini Goma, hukutana nalo asubuhi na jioni. Usalama ni tete. Uchumi ni tete. Afya ya kiongozi ni tete. Uhusiano baina ya Kinshasa na Kigali ni tete. Hata timu ya mpira iliyo mkiani mwa ligi ina nafasi tete. Je, neno linalofaa kila mahali laendelea kusema jambo lolote?

Tuanze na maana. Tete ni mmea wa kando ya maji, mwembamba, wenye uwazi ndani, unaoyumba upepo uvumapo. Hali iliyo tete, basi, ni ile ambayo ingali imesimama lakini haina uimara. Maana hiyo ina kazi yake: mapatano ya kusitisha vita yaliyotiwa saini jana yastahili kuitwa tete. Lakini mapigano yaliyokwisha kuanza si tete, ni mapigano. Mgonjwa asiyejitambua yu mahututi. Bei ya maharage iliyoongezeka maradufu imepanda, basi.

Pili, tutazame sarufi. Kivumishi -kali, ambacho nacho hutumiwa mno, hulazimika kupatana na nomino yake: mapigano makali, mwalimu mkali, mvua kali. Tete haibadiliki. Hubandikwa popote bila kumdai mwandishi lolote. Kosa si la sarufi, kwa kuwa safi na imara navyo havibadiliki. Ila wepesi huo humrahisishia mwandishi mwenye haraka.

Tatu, kuna suala la tafsiri. Wanahabari wetu wengi huandaa habari kutoka Kifaransa, ambamo hali yaweza kuwa "tendue", "volatile", "fragile" au "critique". Maneno hayo manne yana maana nne, na Kiswahili kinayo ya kuyakabili: ya wasiwasi, geugeu, dhaifu, mahututi. Yote yakimiminwa katika tete, msikilizaji hupokea pungufu ya kile alichokisoma mtangazaji.

Upungufu huo una gharama. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi, Constant Ndima, alitangaza amri ya kuhama iliyotaja kwa majina mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Mtu aliyekaa karibu na redio alikuwa akisubiri jina, si kivumishi. Vivyo hivyo mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma. Wakati kama huo swali la mtu wa Katoyi ni moja: "Tukimbie ao tubaki?" Kumwambia kwamba hali ni tete ni kumrudishia wasiwasi aliokuwa nao kabla ya kufungua redio.

Hata hivyo, haki yataka tuutetee upande wa pili. "Hali" haina mtenda. Anayesema kwamba hali ni tete hasemi nani amempiga nani, wala nani amefunga barabara. Katika mji ambao kumtaja mtenda kwaweza kumgharimu mtangazaji maisha yake, neno hilo ni kimbilio, na sisi tuketio darasani hatuna ruhusa ya kumcheka. Lakini kimbilio la siku ya hatari likigeuka makao ya kila siku, tukalikuta hata katika habari za mpira na za soko, ambako hakuna wa kumwogopa, huo si uangalifu tena, ni mazoea.

Hatupendekezi tete ifutwe. Tunapendekeza mwandishi ajiulize, kabla ya kuiandika: ni nini kilichotokea, wapi, na tangu lini? Endapo majibu yapo na kuyasema hakumhatarishi mtu, ayaseme. Endapo hayapo, aseme wazi kwamba habari haijathibitishwa. Kwa njia hiyo tete itabaki na maana yake, na siku ambayo amani itakuwa imesimama ikiyumba kweli, tutakuwa na neno la kuielezea, na msikilizaji ataliamini.