Njia ya Hewa

Fundi hakuanza na spana. Alianza na mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao waashi hutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Aliukunja kwa umbo la U, akaufunga kwenye ubao mrefu, akatia maji yenye wino kidogo. Ncha moja aliichomeka kwenye bomba la hewa la pikapu, kati ya chujio na injini, katika tundu ambalo mpira wa kupumulia injini huingia. Ncha ya pili aliiacha wazi.

Gari lenyewe ni Isuzu TFR ya dizeli, isiyo na turbo, iliyoundwa Nairobi enzi ambazo kiwanda bado kiliitwa General Motors East Africa, kabla hakijawa Isuzu mwaka 2017. Linabeba mbolea, mahindi na maziwa kati ya Sigowet na nyanda za chini za Soin, huku Kericho, na mwenye gari alilalamika kwamba likipanda na mzigo linatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu. Nozeli zilikuwa zimeshapimwa na kuonekana nzima. Ilibaki hewa. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, na kile kinachobaki ndicho moshi huo. Huku kwenye miinuko hewa tayari ni haba: kwenye mita 2,000 juu ya bahari, uzito wake ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini hii ya sentimita za ujazo 2,499, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inataka kuvuta karibu lita 3,700 katika dakika hiyo. Kila kona kali katika njia ya hewa inadai ushuru wake.

Kijana anayejifunza kazi alikanyaga mafuta hadi mwisho. Dizeli ya namna hii, tofauti na injini ya petroli, huvuta hewa yake yote ikizungushwa kwa kasi hata kama gari limesimama, ndiyo maana kipimo kiliweza kufanyika pale pale uani. Maji yalipanda upande wa injini na kushuka upande wa pili. Fundi alitia alama za chaki kwenye ubao: karibu shibiri mbili kati ya mstari na mstari. Kisha akatoa chujio, akapima tena. Tofauti ya maji ilipungua kidogo tu. Akarudisha chujio, akafungua bomba la mbele linaloingiza hewa kwenye kasha, akapima mara ya tatu. Sasa tofauti ilipungua sana.

“Mzee, chujio lako halina neno,” alimwambia mwenye gari. “Mlango ndio mwembamba.”

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa dhati. Wapo wanaotoa chujio wakalitupa, gari likavuma na kukimbia wiki chache, kisha vumbi jekundu likasaga silinda na ringi hadi injini ikaanza kula oili. Huyu alitaka hewa iwe nyingi na iwe safi, na mambo hayo mawili hayapatani kwa urahisi.

Bomba la zamani lilikuwa na upana wa inchi mbili na nusu, na mdomo wake ulikaa nyuma ya rejeta, ukivuta hewa iliyokwisha kupata joto. Alichagua bomba la chuma la inchi tatu, litakalotokea kwenye madigadi na kupanda kando ya kioo cha mbele. Nusu inchi hiyo huongeza nafasi ya ndani kwa zaidi ya theluthi moja. Inchi nne hakuitaka, kwa sababu shingo ya kasha la chujio ingebaki ile ile na upana wa ziada ungekuwa mzigo wa bure.

Kabla ya kukata chuma alikata katoni. Alikunja, akajaribisha chini ya boneti, akatoa, akapunguza ukucha mmoja, akarudisha. Nilihesabu moyoni muda ambao mtu mwenye haraka angekuwa ameshawasha grinda, nikaacha. Katoni ilipokaa bila kusukumwa, ndipo akachora duara kwenye madigadi, akatoboa kwa keekee, akapanua, akalainisha ukingo kwa tupa na kuupaka rangi ya kuzuia kutu papo hapo. Mvua ya Kericho haisubiri kesho.

Kona ya kupandisha bomba kando ya kioo cha mbele hakuikata kwa pembe moja ya mraba. Aliigawa vipande vinne vilivyokatwa mshazari, ili hewa igeuke taratibu. Alivishika kwanza kwa nukta za moto, akaangalia mstari kwa jicho moja, akagonga kipande cha tatu kwa nyundo, ndipo akachomelea mzunguko mzima. Kisha kazi ambayo hakuna atakayeiona: alisaga mabaki ya moto ndani ya bomba, akaingiza kidole, akasaga tena. Chembe moja ikibanduka huko ndani, itaelekea kwenye chujio.

Mdomo wa juu aliuelekeza nyuma. Kijana aliuliza kwa nini usitazame mbele ukakamate upepo. Fundi alimwonyesha ule ubao: kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, upepo hausukumi maji hata sentimita moja, lakini mdomo unaotazama mbele utakusanya mvua na vumbi la malori ya majani ya chai. Chini kabisa ya bomba alitoboa tundu dogo la kutolea maji yatakayoingia.

Viungo vya mpira alivifunga kwa klipu mbili mbili, akakaza zamu kwa zamu. Kipimo cha mwisho kilisoma shibiri moja na vidole vitatu. Kisha injini ikinguruma polepole, alipanda kwenye bampa na kuziba mdomo wa juu kwa kiganja. Injini ilitetemeka, ikazimika. Ingeendelea kuzunguka, ingemaanisha inavuta hewa mahali pengine, labda hewa isiyopita kwenye chujio. Alirudia jaribio hilo huku kijana akitikisa kila kiungo kwa mkono. Ikazimika tena.

Mwenye gari alikuwa ameshashika ufunguo. “Baada ya wiki mbili za vumbi niletee,” fundi alimwambia akifuta mikono. “Nitapitisha kitambaa cheupe nyuma ya chujio. Kikitoka na wekundu, nitafungua kila kitu na kurudia, na hutanilipa.”