Idadi kubwa zina sarufi yake, tusikisingizie Kiswahili

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River. Hebu waombe abiria walioteremka Minjila, pale barabara za Malindi, Garissa na Lamu zinapokutana, waisome idadi hiyo kwa sauti. Huenda wengi wakakimbilia Kiingereza. Hata baadhi ya watangazaji wetu hufanya hivyo, ati Kiswahili hakiwezi hesabu kubwa. Dai hili halina mashiko.

Wapo wanaojaribu, wakaanza kwa "elfu mia tatu na kumi na tano". Je, hiyo ni 315,000 au 300,015? Sikio haliwezi kuamua. Utata huo huondolewa na neno laki, tulilolikopa kutoka lugha za Kihindi na ambalo wenye maduka hawajalisahau. Tuseme basi: watu laki tatu, elfu kumi na tano, mia tisa arobaini na watatu.

Zingatia hilo "watatu". Aghalabu husikika "na tatu", ilhali wanaohesabiwa ni watu. Upatanisho huu si pambo. Magunia elfu kumi na tano ni 15,000, kwa kuwa tano inahesabu elfu. Magunia elfu kumi na matano ni 10,005, kwa kuwa matano yanahesabu magunia. Kiambishi kimoja tu kinabeba tofauti ya magunia 4,995! Kwa familia inayongojea chakula cha msaada baada ya Mto Tana kufurika, hilo si suala la walimu wa sarufi peke yao.

Nakiri kwamba upatanisho hautuokoi kila mahali. Sita, saba na tisa, zenye asili ya Kiarabu, hazipokei viambishi. Hapo tubadilishe mpangilio: "magunia kumi na sita elfu" hayawezi kudhaniwa kuwa 10,006.

Je, lugha hii inaweza kuzichambua idadi zenyewe? Sensa ya 2009 ilitoa watu 240,075 katika kaunti hiyohiyo. Jumlisha tarakimu zake, upate 18. Kwa kuwa 18 hugawanyika kwa tisa, idadi nzima nayo hugawanyika kwa tisa bila baki. Tarakimu za 315,943 zikijumlishwa huleta 25, kwa hivyo hata kwa tatu haigawanyiki. Ni witiri, si shufwa, kwa hivyo mbili nayo haiigawi. Utadhani ni namba tasa, yaani isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kumbe sivyo! Ni zao la 37 na 8,539, na hizo mbili ndizo tasa. Ukitaka kuwapanga watu wote hao katika safu zilizo sawa, wawe safu 37 za watu 8,539, au kinyume chake. Njia nyingine haipo, ila kuwapanga wote katika safu moja au kila mtu safu yake.

Uchambuzi huo wote umefanyika kwa Kiswahili. Shule za msingi za umma Tanzania hufundisha Hisabati kwa Kiswahili, na msamiati huu umo vitabuni. Kilichopungua kwetu Kenya ni mazoea. Mtangazaji anayeikwepa idadi humnyima msikilizaji wa Minjila habari inayomhusu yeye mwenyewe, kwani naye ni mmoja kati ya hao laki tatu na ushei.