Maleba, Uigaji na Uaminifu: Deraya za Bunilizi za Kisayansi Zikitazamwa kutoka Kericho

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili umeyapa maleba nafasi finyu mno. Aghalabu hutajwa mwishoni, baada ya maudhui, wahusika na mtindo, kana kwamba vazi ni ganda la kumenywa ili kokwa ifikiwe. Mkabala huo hauwezi kuikabili sanaa ambayo vazi ndilo kazi yenyewe. Mfano mmoja ni utengenezaji wa deraya za filamu za bunilizi za kisayansi, unaofanywa na vyama vya mashabiki katika nchi nyingi. Makala haya yanachunguza jinsi uigaji huo unavyoweza kutathminiwa, na yanafanya hivyo kwa kusimama Kericho, mahali panapodhaniwa kuwa mbali nao kabisa.

Chama kinachojulikana zaidi ni 501st Legion, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson. Wanachama wake huvaa mavazi ya upande wa waovu katika Star Wars, hasa deraya nyeupe za askari wa dola. Mapenzi ya filamu peke yake hayamwingizi mtu chamani. Mwombaji hujitengenezea vazi, au hupata vipande na kuviunga mwenyewe, kisha hupigwa picha, na picha hizo hulinganishwa na masharti yaliyoandikwa: umbo la kofia, rangi ya kioo cha macho, mahali pa kila mkanda. Akipungukiwa hurudishwa akarekebishe. Akikubaliwa huvaa hadharani pamoja na wenzake, mara nyingi katika hafla za hisani na ziara za kuwaliwaza watoto hospitalini.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kiolezo chenyewe. Deraya za filamu ya 1977 zilitengenezwa Uingereza kwa kulilainisha bamba la plastiki kwa moto na kulivuta juu ya kalibu. Zilifanywa kwa haraka, kofia hazikulingana barabara pande zote mbili, na baadhi ya mapambo yake yalichorwa kwa mkono. Zilivaliwa mbele ya kamera katika jangwa la Tunisia mnamo Machi 1976. Yaani zilianza kazi katika ardhi ya Afrika, jambo ambalo husahaulika upesi. Shabiki anayetafuta usahihi leo huuiga hata mkono uliokuwa na haraka, na upande uliopinda huupinda vivyo hivyo. Waandishi wa zamani wa Lamu walionakili tenzi kwa hati ya Kiarabu hawakutakiwa kuwa waaminifu kiasi hicho. Muhamadi Kijuma, aliyewanakilia wasomi wa Ulaya akiwemo Ernst Dammann, alikuwa mshairi pia, na nakala ya mshairi haikosi kuwa na mkono wake.

Mnamo Julai 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Lucasfilm dhidi ya Andrew Ainsworth aliyezitengeneza kofia hizo, iliamua kwamba kofia ya askari huyo si sanamu. Ilikuwa chombo kilichotumika katika utengenezaji wa filamu. Kazi ya sanaa ilikuwa filamu. Hapo majaji waliifanya kazi ya mhakiki, na kwa uangalifu unaowashinda wahakiki wengi. Hata hivyo, hoja yao inaacha pengo. Kofia inayotengenezwa miaka arobaini baadaye, na mtu asiyeigiza katika filamu yoyote, haiwezi kuelezwa kwa haja za filamu. Lazima inatumikia kitu kingine.

Jibu jepesi ni kwamba haitumikii kitu, kwamba ni kasuku aliyevaa plastiki. Jibu hili lina historia Afrika Mashariki, na historia hiyo haiwapi fahari waliolitoa. Ngoma ya beni ilipozuka katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, na ilipoenea bara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kupitia makundi ya Marini na Arinoti, wengi waliiona kuwa mwigo mtupu wa gwaride la Wazungu. Sare zilikuwepo, vyeo vilikuwepo, tarumbeta na ngoma za bendi zilikuwepo. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alionyesha kwamba chini ya sare hizo yaliendelea mashindano ya kale ya mitaa na vyama, pamoja na ukarimu, kuzikana na kusaidiana. Mtu aliyekuwa mpagazi mchana alikuwa na cheo chake jioni, na watu wake walikiheshimu. Usahihi wa sare haukuwa utumwa kwa kiolezo. Ulikuwa njia ya kudai kwamba cheo hicho kinaweza kukaliwa na mwili mwingine.

Mpaka hapo deraya na beni vinakwenda pamoja: chama, vyeo, ukaguzi, hisani. Kericho ndiko vinakotenganishwa, na kinachovitenganisha ni wimbo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi Kapkatet, wilayani Kericho, nyimbo za Wakipsigis zilizomhusu Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huko kwa sahani za santuri. Matamshi yamelitia jina katika utaratibu wa Kikalenjin. Linaanza kwa Che- kama majina mengi ya lugha hiyo, na likiandikwa peke yake halionyeshi kuwa geni. Wimbo uliopata umaarufu zaidi uliimbwa na wasichana. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha ndani yake ni nusu mtu na nusu paa, na wasichana wanamwalika acheze nao mchezo wa kuruka wa Kipsigis, aruke kwa nguvu mpaka atoke katika nguo zake.

Taswira hii inastahili kusomwa polepole. Rodgers alipiga filamu fupi mwaka 1929 akiwa amevaa kama mfanyakazi wa breki za garimoshi, kazi aliyowahi kuifanya kweli. Alikuwa na maleba yake, na mashabiki wake wa Marekani waliyajua. Kapkatet hawakuletewa maleba hayo. Waliletewa sauti isiyo na mwili. Walichokifanya ni kuubuni mwili, na walipoubuni hawakuuvika suruali ya reli. Waliupa miguu ya mnyama, kisha wakautaka uruke uvuliwe na kuruka kwake. Shabiki wa deraya hutoka katika nguo zake ili aingie katika za mhusika. Hapa mhusika ndiye anayetakiwa kutoka katika zake ili aingie katika mchezo wa wenyeji. Mwelekeo umegeuzwa, na pamoja nao umegeuzwa uwezo wa kuamua nani ni mgeni wa nani.

Ingekuwa rahisi kutoka hapo na kuwasifu wasichana wa Kapkatet kwa ubunifu, na kuwalaumu mashabiki kwa kukosa ubunifu. Hukumu hiyo haisimami. Sahani ya santuri huacha mwanya ambao filamu haiuachi: filamu huleta mwili mzima, na anayeitazama anaweza kuisimamisha akahesabu misumari ya kofia. Panapokosekana mwanya wa kubuni umbo, ubunifu hukimbilia kwenye ufundi, na kwenye swali la nani yumo ndani. Swali hilo la pili si dogo. Filamu ya 2015 ilipomvua kofia askari mmoja, uso uliotokea ulikuwa wa John Boyega, Mwingereza mwenye wazazi wa Kinigeria, na wapo watazamaji waliolalamika. Kwao usahihi wa deraya ulikuwa umefika mpaka kwenye ngozi, ingawa hakuna sharti lolote lililosema hivyo.

Lawama kama hiyo ina ndugu yake katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, na pengine hapa ndipo wataalamu wa fasihi wanapaswa kujitazama. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo anahukumiwa kifo, anaingizwa katika chombo cha kumwangamiza angani, na badala ya kufa anafika katika sayari nyingine. Chombo kipo, anga ipo, sayari ipo. Hata hivyo riwaya hii husomwa zaidi kama istiara ya siasa kuliko bunilizi ya kisayansi, kama kwamba haiwezi kuwa vyote viwili. Mhakiki hufanya kazi ya mkaguzi wa chama: hushika kiolezo cha Ulaya na Marekani mkononi, hutafuta mitambo na maelezo yake, asipoyakuta humrudisha mwombaji mlangoni. Mkangi ameliweka jibu lake katika jina la sayari, linalosomeka pia kama wale-ni-sisi. Tena hakuna sababu ya kudhani kwamba msomaji wa Kericho anahitaji kofia nyeupe ili atambue sayansi inayotisha. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia majani ya chai zilichomwa moto huko na watu waliohofia kazi zao. Aproni ya plastiki na gambuti za mchumaji chai ni deraya pia, ila hakuna anayeikagua.

Black Panther, iliyoonyeshwa Kisumu mwanzoni mwa 2018 katika hafla maalumu, imelitatiza suala la uaminifu zaidi. Ruth E. Carter, aliyebuni maleba yake na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2019, alichota kwa Wamasai, miongoni mwa wengine, alipowavika walinzi wa kike wa mfalme. Kijana wa Bonde la Ufa akiitengeneza deraya hiyo kwa usahihi wa filamu, ataitia shanga zilizonakiliwa Marekani kutoka kwa jirani zake. Akikosea kwa kufuata shanga anazozijua sokoni, mkaguzi atamrudisha. Hapo ndipo neno asili linapokwama, na sharti lililoandikwa halina msaada.

Katika muongo wa 2010 rekodi za Tracey zilirudishwa Kericho kutoka kwenye hifadhi yake Afrika Kusini, na Wakipsigis wakazisikia upya. Tangu hapo Chemirocha ana kiolezo. Kikundi kitakachouimba wimbo huo tena kitalinganishwa na nakala ya 1950, pumzi kwa pumzi, na hapatakosekana msikilizaji wa kusema kwamba paa hakuruka hivyo.