Wimbo wa Mariamu katika Muziki wa Howells

Sala ya jioni ya Kanisa la Uingereza huimbwa nyimbo mbili za Injili ya Luka: wa Mariamu na wa mzee Simeoni. Herbert Howells alizitungia muziki mwaka 1945 kwa waimbaji wa King's College, Cambridge. Wa kwanza waanzwa na sauti nyembamba za wavulana; wa pili na sauti ya mwanamume mmoja. Hata wakuu washushwapo vitini, Howells alikusudia isisikike nguvu ya ukatili. Wako watakaouona huo kuwa udhaifu. Sivyo: asemaye ni binti mnyonge, si jemadari, na aangushaye ni Mungu. Hatari ni moja tu, ya msikilizaji kulewa utamu wa sauti akayasahau maneno.