Maji ya Kwanza Humwagwa

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, ambako tangu zama za masultani uhai wa mji ulitegemea visima vyake, kazi ya kuchukua sampuli ya maji ya chini ya ardhi inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi za ustadi, kwa kuwa mwenye kazi hiyo huteka maji machache ambayo lazima yaseme ukweli kuhusu maji mengi asiyoyaona. Husuni Kubwa, kasri lililojengwa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, lilikuwa na kisima chake na birika la pembe nane, na anayelitazama birika hilo leo huvutwa na umbo lake akasahau jambo la ajabu zaidi, kwamba kisiwa kilichozungukwa na bahari kilikuwa na maji ya kunywa.

Ajabu hiyo ina sababu yake. Mvua hupenya katika mawe ya chokaa, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyojaa mwambani. Ghyben wa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 19, na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901, walionyesha kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hulingana na mita 40 hivi zilizo chini yake. Kwa hiyo maji yakishuka nusu mita tu kwa kutekwa kupita kiasi, chumvi huweza hatimaye kupanda mita 20, na mchotaji asitambue mpaka aionje.

Ndiyo maana huchimbwa visima vya ufuatiliaji, yaani mabomba membamba yenye matundu ya kuchujia kwenye kina maalumu, ambayo hayatekwi kwa matumizi bali hupimwa tu. Hapa ndipo ustadi unapoanza, kwa sababu maji yaliyotuama ndani ya bomba si maji ya mwambani tena: yamegusa hewa, yamepoteza gesi zake, na pengine yamepata kutu. Bomba lenye kipenyo cha milimita 50 hubeba takribani lita 2 kwa kila mita, hivi kwamba maji ya kina cha mita 10 ni lita 20, na desturi ya zamani ni kuyatoa mara 3 au zaidi kabla ya kujaza chupa. Njia ya upole, ambayo kwa haki hupendelewa pale inapowezekana, hutumia pampu ndogo isiyozidi nusu lita kwa dakika, ili tope lisitibuliwe. Ndoo inayotumbukizwa kwa pupa huamsha udongo uliobeba madini, kisha maabara huhesabu udongo huo kana kwamba ni maji.

Wakati pampu ikivuta, mchukuaji hutazama joto, kipimo cha pH kinachoonyesha uasidi, na uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Vipimo vikitulia mara 3 mfululizo, pH isitofautiane kwa zaidi ya 0.1, hapo maji ya mwamba yamefika. Kungoja huku ndiko uzuri wa kazi yenyewe. Karibu na ufuko hata saa ina neno lake, kwani maji ya kisimani hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari, na kipimo cha siku ya bamvua hakilinganishwi hivihivi na cha siku ya maji mafu, jambo ambalo mvuvi wa Kivinje hahitaji kufundishwa.

Chupa ya kupimia madini hutiwa asidi kidogo baada ya maji kuchujwa, la sivyo chuma kilichoyeyuka hugeuka kutu na kuganda kwenye kuta zake. Ya kupimia bakteria huwa imetakaswa, na huwahishwa maabara ikiwa katika barafu. Kati yake huwekwa chupa moja yenye maji safi yaliyotoka maabara, ambayo hufunguliwa kando ya kisima, humiminwa kwa vyombo vilevile na kufungwa kama nyingine, ili uchafu wowote utakaoonekana humo ujulikane kuwa umetoka mikononi mwa mchukuaji mwenyewe. Hupewa namba kama wenzake, na mara nyingi mpimaji haambiwi ni ipi.